Pale ale ya nafaka tupu kwa sufuria moja: kutoka kimea hadi chupa

Anayejua kutengeneza togwa ameshajua nusu ya kazi hii. Uji unaiva, unaipuliwa, unaachwa upoe hadi kidole kivumilie, kisha unatiwa kimea cha ulezi. Muda si mrefu ule uji uliokuwa unang'ang'ania mwiko unalegea, na ukionja unakuta ni mtamu ingawa hukutia hata chembe ya sukari. Vimeng'enya vya kimea vimekata wanga na kuugeuza sukari. Bia ya shayiri inaanzia hapohapo.

Nimekulia Marangu, kwa hiyo pombe ya nafaka kwangu haikuwa jambo la kusoma mtandaoni. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ilipikwa nyumbani, na wanawake ndio waliokuwa na siri zake. Sasa naishi Sheffield, Uingereza, kwenye fleti yenye jiko la umeme na sinki moja. Siku nilipomwambia mama kwa simu kwamba nimeanza kupika bia, hakuuliza habari za vyombo.

"Na msesewe unaupata wapi huko?"

"Hakuna msesewe, mama. Wao wanatia maua fulani, yanaitwa hopsi."

"Ni machungu?"

"Machungu sana."

"Basi huo ndio msesewe," akasema, akahamia habari za mvua.

Alisema kweli. Gome la msesewe huikata mbege utamu ili mtu anywe kibuyu cha pili bila kukinai, na hopsi hufanya kazi ileile ndani ya bia. Tofauti ni kwamba hopsi ina pia harufu: machungwa, balungi, majani mabichi, kutegemea aina. Pale ale ndiyo bia inayoionyesha harufu hiyo vizuri kuliko nyingi.

Tunapika nini hasa

Pale ale asili yake ni Uingereza. Kimea kilipoanza kukaushwa kwa makaa ya koki badala ya kuni, kilitoka cheupe na bila moshi, na bia yake ikawa nyepesi kwa rangi kuliko zile nyeusi za zamani. Mji wa Burton upon Trent ulijipatia jina kwa sababu maji yake ya visima yana jasi nyingi, na jasi huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na safi. Wamarekani wakaja kuigeuza. Hopsi ya Cascade ilitolewa rasmi mwaka 1972 baada ya utafiti wa miaka mingi kule Oregon, na mwaka 1980 kampuni ya Sierra Nevada ya Chico, California, ikaanza kupika pale ale iliyojaa Cascade ambayo mpaka leo watu wanaipimia nyingine. Mapishi yangu yanafuata njia hiyo ya Marekani, ila kwa kimea cha Kiingereza kwa sababu ndicho ninachokipata kirahisi.

Ninaposema nafaka tupu nina maana kwamba hatutumii lile kopo la sharubati nzito ya kimea ambalo wengi huanza nalo. Kopo ni rahisi, lakini ladha imeshaamuliwa na aliyelijaza kiwandani. Ukiloweka kimea mwenyewe, unaamua wewe, na gharama inashuka.

Kabla ya kununua chochote, angalia sheria ya unapoishi. Uingereza tangu mwaka 1963 mtu anaruhusiwa kupika bia nyumbani kwa kunywa mwenyewe bila leseni, lakini kuuza ni jambo jingine kabisa. Marekani ruhusa ya kitaifa ilitiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010 inadai leseni kwa utengenezaji. Walioko nchi za Ghuba wanajua wenyewe hali ilivyo. Na kukeneka pombe kali ni habari nyingine yenye hatari zake na sheria zake. Humu hatukeneki kitu.

Vyombo

Vitabu vingi vinapima mapishi kwa lita 19 au 23. Kiasi hicho kinataka sufuria ya lita 30, na jiko la kawaida la umeme litakaa saa nzima likiitazama tu. Sisi tutapika lita 9, yaani chupa kama 17 za nusu lita. Unahitaji:

- sufuria ya lita 15 yenye mfuniko. Ya alumini, kama zile za kupikia pilau, inafaa kabisa, ila usiisugue mpaka ing'ae
- mfuko wa kitambaa cha neti ya pazia, mpana kiasi cha kuvishwa mdomo wa sufuria
- kipimajoto cha kuaminika
- mizani ya jikoni inayopima gramu moja moja
- ndoo ya plastiki ya vyakula ya lita 12 hadi 15 yenye mfuniko unaobana
- mpira mwembamba wa mita moja na nusu wa kuhamishia bia
- haidromita na kichupa chake: kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyomo. Maji matupu ni 1.000, na namba hushuka kadiri hamira inavyokula sukari
- chupa za bia za kahawia na mashine ndogo ya kufungia visoda, au chupa za plastiki za soda na vifuniko vyake

Mfuko ndio unaotuokoa. Wenye nafasi hutumia vyombo vitatu: kimoja cha kulowekea, kimoja cha maji ya kusuuzia, kimoja cha kuchemshia. Waaustralia walirahisisha wakaweka kimea ndani ya mfuko mmoja mkubwa, sufuria ikawa moja. Wangu niliushona kwa mkono kutoka kwenye kipande cha pazia na umeshapika mara nyingi bila kuchanika. Shona mishono miwili. Kimea kilicholowa ni kizito kama mtoto aliyelala.

Mahali pa kutobana pesa ni kipimajoto. Changu cha kwanza nilikinunua kwa bei ya kutupa. Nikapika, kikaniambia nyuzi 67, nikakiamini. Bia ikachachuka siku tano ikasimama, nzito na tamu kama sharubati, na haidromita haikushuka chini ya 1.022 hata nilipoisubiri wiki tatu. Mwishowe nikakitumbukiza kwenye birika linalotokota: nyuzi 94. Ningekuwa Nairobi ningekipongeza, kwa sababu kwenye mwinuko ule maji huchemka karibu na hapo. Sheffield, maana yake kilikuwa kinasoma chini kwa takriban nyuzi 6, na kimea changu kilikuwa kimekaa kwenye 73 saa nzima. Kwa hiyo jaribu chako kabla ya kazi: barafu iliyosagwa na maji kidogo isome 0, maji yanayotokota yasome kiwango cha mwinuko wako.

Viungo vya lita 9

- kimea cheupe cha shayiri (mimi natumia Maris Otter): kilo 2.2
- kimea cha kristali cha rangi ya wastani: gramu 200
- hopsi ya Cascade ya vidonge, yenye asidi ya alfa (ndiyo inayoleta uchungu) ya asilimia 6 hivi: gramu 75
- hamira kavu ya bia, SafAle US-05: nusu pakiti, gramu 5 hadi 6
- sukari nyeupe ya kawaida: gramu 51, ya kutia kwenye chupa
- maji: lita 15

Agiza kimea kikiwa kimeshapondwa. Ukiletewa kizima, kiponde kwenye kinu au blenda kwa mapigo mafupi: kila punje ipasuke vipande vitatu au vinne, isiwe unga. Kimea cha kristali ndicho kinachotoa rangi ya kahawia nyepesi na utamu wa sukari iliyoungua. Usikizidishe ukidhani kizuri kikizidi ni bora. Kwa gramu 400 bia inaanza kuchosha mdomo.

Hamira ya mkate itachachusha, sikatai. Lakini haitulii vizuri chini ya chupa na ladha yake ni ya kubahatisha. Pakiti ya hamira ya bia haigharimu kiasi cha kuhatarisha kazi ya mwezi mzima.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini ikikutana na vitu vya kimea huzaa ladha ya plasta ya kidonda ambayo haitoki. Dawa yake ni robo ya kidonge cha Campden kilichosagwa ndani ya lita 15, dakika chache kabla ya kuanza. Maji ya Sheffield ni laini, yanatoka kwenye milima ya jirani, kwa hiyo mimi huongeza gramu 3 za jasi ili yakaribie kidogo yale ya Burton. Kwako kama maji yanaacha ukoko mweupe kwenye birika, acha jasi mara ya kwanza uone.

Kuloweka kimea

Siku ya kupika tenga saa tano. Nimejaribu kufanya kwa tatu na nikaishia kupiga deki jikoni.

Pasha lita 10 za maji hadi nyuzi 71. Kimea cha baridi kitayashusha, na kikishachanganyika unatakiwa usome 66 au 67. Zima jiko, visha mfuko, mimina kimea kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko. Hapa ni kinyume cha ugali: mabonge ni adui, kwa sababu unga ulio katikati ya bonge unabaki mkavu na wanga wake hauguswi. Koroga dakika mbili nzima hata kama inaonekana imetosha, kisha pima sehemu tatu tofauti za sufuria.

Kwa nini 66? Ndani ya kimea kuna vimeng'enya viwili vinavyotuhusu. Kimoja kinapenda nyuzi 60 hadi 65 na kinatoa sukari nyepesi ambayo hamira inaimaliza yote; bia inakuwa kavu. Kingine kinafanya kazi zaidi kwenye 68 hadi 72, kinakata wanga vipande vikubwa ambavyo hamira haiviwezi. Bia inakuwa nzito na tamu. Kwenye 66 au 67 vyote viwili viko kazini. Ndiyo maana kile kipimajoto changu kiliniharibia: kwenye 73 kile cha kwanza kilikuwa kimeshakufa. Bibi zetu walipima kwa kidole na togwa ilikubali, kwa sababu togwa inataka utamu tu. Bia inauliza utamu wa aina gani.

Kama imesoma 69, tia kikombe cha maji baridi ukoroge. Ikisoma 64, washa moto mdogo ukikoroga bila kusimama, na uinue mfuko kidogo usiungue chini. Kisha funika, ifunge sufuria kwa blanketi zito au makoti mawili, iache dakika 60. Yangu hushuka nyuzi 2 ndani ya saa hiyo na sijawahi kuona dhara. Usifunue kila baada ya dakika tano. Joto linatoka kwa umbea wako.

Ukitaka kuona kwa macho kwamba wanga umekwisha, chota matone machache ya maji yasiyo na makapi uyaweke kwenye sahani nyeupe, udondoshee tone moja la iodini ya duka la dawa. Dakika ya kumi litageuka bluu iliyoiva, karibu nyeusi: wanga bado upo. Dakika ya sitini tone linabaki na rangi yake ya kahawia. Mwaga hayo matone, usiyarudishe sufuriani. Mara yangu ya kwanza nilipima kila robo saa nikiiangalia ile bluu inavyofifia, na hapo ndipo nilipoelewa mama alikuwa anafanya nini na ule uji.

Inua mfuko polepole, uache udondoke juu ya sufuria. Mimi huweka rafu ya oveni juu ya mdomo wa sufuria na mfuko juu yake. Mimina taratibu juu ya kimea lita 5 za maji ya nyuzi 75 yanayosuuza sukari iliyobaki, kisha kamua kwa mfuniko wa sufuria. Kuna wanaosema ukikamua unatoa ukakasi. Ukakasi huja maji yakiwa ya moto kupita kiasi, siyo kwa kukamua. Mimi nakamua.

Sasa unatakiwa uwe na lita 13 za maji matamu ya rangi ya asali. Onja. Ni togwa ya shayiri.

Machicha yaliyobaki yanafaa kwa kuku, au tia kikombe kimoja kwenye unga wa mkate. Hayo ya kimea hayana shida, lakini mabaki ya hopsi yaweke mbali na mbwa. Hopsi ni sumu kwao.

Kuchemsha na hopsi

Sufuria ya lita 15 yenye lita 13 haisamehe. Inapokaribia kutokota, povu zito la rangi ya maziwa ya chai hupanda ghafla na ndani ya sekunde kumi liko kwenye jiko. Simama hapo. Shika mwiko mkono mmoja na mkono mwingine uwe kwenye swichi. Ukiliona linapanda punguza moto, koroga, puliza maji baridi kwa kichupa cha kunyunyizia. Baada ya dakika chache povu hilo huvunjika na kuzama, na hapo unaweza kukaa.

Saa inaanza kuhesabiwa povu likishavunjika. Chemsha dakika 60 bila mfuniko. Mvuke unaondoka na harufu ya mahindi ya kuchemsha ambayo kimea cheupe huwa nayo. Ukifunika, harufu inarudi ndani.

Hopsi inaingia hivi: gramu 18 mwanzoni mwa ile saa, kwa ajili ya uchungu. Gramu 12 zikibaki dakika 10. Gramu 20 baada ya kuzima moto na joto kushuka hadi nyuzi 80, ziloweke dakika 15. Gramu 25 zilizobaki zifunge vizuri ziweke kwenye friza, zina siku yake. Mpangilio huu unatokana na jinsi hopsi ilivyo: asidi yake haigeuki kuwa uchungu mpaka ichemke kwa muda mrefu, na mafuta yake ya harufu hayavumilii kuchemka hata kidogo. Kwa hiyo ileile Cascade inafanya kazi mbili kutegemea imeingia lini. Aliye kwenye mwinuko mkubwa atapata uchungu pungufu kidogo kwa kuwa maji yake yanachemka kwa joto dogo. Gramu 20 badala ya 18 zitarekebisha.

Kuanzia hapa usafi ni amri

Kabla ya kuchemsha, uchafu kidogo si neno, moto utaua. Baada ya kuchemsha, kila kitakachogusa bia kiwe kimesafishwa na kisha kuuliwa vijidudu. Hayo ni mambo mawili tofauti. Ndoo yenye utando wa jana haiwezi kuuliwa vijidudu hata uimwagie dawa ya namna gani. Osha kwanza kwa sabuni isiyo na harufu na sponji laini, kwa kuwa mikwaruzo ndiyo nyumba yao, suuza, kisha zungusha ndani Star San, mililita 1.5 kwa lita moja ya maji. Dawa hiyo haisuuzwi na povu lake halidhuru. Ukiwa huna, jiki isiyo na harufu inafanya kazi, ila nyembamba sana, na usuuze kwa maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe. Jiki usiichanganye na siki wala dawa nyingine. Gesi inayotoka inaua watu.

Poza sufuria haraka. Jaza sinki maji baridi, izamishe ikiwa imefunikwa, badilisha maji kila yanapopata joto. Mara ya tatu tia barafu. Kwa lita 10 inachukua dakika 40 hivi kufika nyuzi 20. Wenye haraka ya kulala hufunga sufuria na kuiacha hadi asubuhi. Inawezekana, lakini harufu ya hopsi za mwisho hupungua, na mimi sipendi kuacha sukari ya uvuguvugu usiku kucha ikialika wageni.

Mimina kwenye ndoo kutoka juu ili ichukue hewa, ukiacha tope la chini sufuriani. Hii ndiyo mara pekee bia yako inahitaji oksijeni. Jaza kichupa cha haidromita: ukisoma 1.048 hadi 1.050 kwenye nyuzi 20, umefanya vizuri. Ukisoma 1.043, kimea hakikupondwa vya kutosha au hukukoroga vizuri. Bia itakuwa nyepesi zaidi na bado itanyweka. Ile ya kwenye kichupa kunywa, usiirudishe.

Nyunyiza hamira juu, funga. Kama mfuniko hauna kile kibomba cha kutolea gesi, toboa tundu, pitisha mpira, na upande wa pili utumbukize kwenye glasi ya maji.

Siku kumi na nne za kutofanya kitu

Ndani ya saa 12 hadi 24 maji kwenye glasi yataanza kububujika. Hamira ikifanya kazi inatoa joto lake yenyewe, hivyo bia ndani ya ndoo inaweza kuwa juu ya hewa ya chumba kwa nyuzi 2 hadi 4. Unataka bia yenyewe iwe 18 hadi 20, hasa siku nne za mwanzo. Ikipita 24 utapata harufu ya matunda yaliyoiva mno na pombe kali inayochoma koo.

Hapa Sheffield chumba cha nyuma kinanitosha karibu mwaka mzima. Wakati wa joto naiweka ndoo kwenye beseni la maji, naivisha fulana kuukuu ambayo ncha zake zinagusa maji, na nabadilisha chupa mbili za barafu asubuhi na jioni. Ni kanuni ya mtungi: maji yakikauka yanabeba joto.

Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, na sheria inakuruhusu, usishindane na nyuzi 30. Nunua hamira ya Voss. Ni hamira ya mashambani ya Norwei, kutoka jamii inayoitwa kveik, na inafurahia nyuzi 35 hadi 40 bila kuharibu ladha. Huacha harufu ya chungwa inayoendana na Cascade. Ni ajabu kidogo kwamba hamira ya watu wa baridi ndiyo inayotufaa watu wa pwani.

Siku ya 10 funua haraka, tia zile gramu 25 za hopsi kutoka kwenye friza, funga. Usikoroge. Ziache siku tatu hadi nne. Siku ya 13 pima kwa haidromita, na siku ya 15 pima tena. Namba zikiwa sawa, 1.010 hadi 1.012 hivi, imekwisha, na kilevi ni karibu asilimia 5. Zikiwa tofauti, subiri. Kububujika kukikoma si ushahidi. Mfuniko unaweza kuwa unavuja. Anayejaza chupa wakati sukari bado inaliwa anatengeneza mabomu ya vioo, na hilo silisemi kwa kupamba maneno.

Kujaza chupa

Bia iliyokwisha haina gesi. Tunaipa sukari kidogo sana, tunaifunga, na hamira iliyobaki inatengeneza gesi isiyo na pa kutokea. Kipimo ni gramu 6 kwa lita, yaani gramu 3 kwa chupa ya nusu lita. Wengi huchanganya sukari yote kwenye ndoo ya pili, lakini sisi ndoo ni moja. Kwa hiyo: yeyusha gramu 51 za sukari katika maji, chemsha dakika tano, ongeza maji yaliyochemshwa mpaka ujazo ufike mililita 170. Kwa bomba jipya la sindano lisilo na sindano, tia mililita 10 katika kila chupa. Chupa 17, kila moja na gramu zake 3. Ni kazi ya dakika sita na hakuna chupa inayopendelewa.

Weka ndoo juu ya meza siku moja kabla ili tope litulie. Jaza mpira maji yaliyotiwa Star San, bana ncha, tumbukiza ncha moja kwenye bia, achia nyingine chini. Maji yatatangulia kwenye bakuli na bia itafuata. Usivute kwa mdomo kama fundi anayenyonya petroli. Mdomo wa binadamu umejaa vijidudu. Ncha ya mpira iguse chini ya chupa, bia ipande taratibu bila kurusha, uache sentimita 3 juu. Kuanzia hapa oksijeni ni adui: bia iliyopigwa na hewa hupoteza harufu ya hopsi ndani ya wiki na kuanza kunuka boksi lililolowa.

Tumia chupa zilizotengenezewa bia au soda tu. Chupa ya divai au ya juisi haikuundwa kwa mgandamizo. Na hata kama nyingi zako ni za vioo, jaza moja ya plastiki, uiminye hewa itoke kabla ya kufunga. Hiyo ndiyo itakayokuambia hali ya wenzake. Siku ya kwanza inabonyea kwa kidole. Ikishakuwa ngumu kama ile ya soda isiyofunguliwa, zote ziko tayari. Kwenye nyuzi 20 ni wiki mbili. Ziweke gizani, ndani ya boksi la katoni lililofungwa, kwa kuwa mwanga huigeuza hopsi ikanuka kama kicheche, na pia kwa ajili ya ile hesabu ya mabomu.

Peleka chupa moja kwenye friji, iache siku mbili kabla ya kufungua. Ikifunguka kimya, zilizobaki zirudi mahali pa joto wiki moja zaidi. Ikiruka kama chemchemi, zote ziende friji leo, na mara nyingine subiri haidromita. Harufu ya tofaa bichi ina maana bado ni changa. Harufu ya siagi ina maana ulihamisha mapema, siku tatu zaidi ndani ya ndoo zingeimaliza. Ya siki, tafuta mkwaruzo kwenye ndoo au mpira usioonekana ndani, na uvitupe.

Mimina kwenye glasi kwa mkono mmoja usiosita, hadi ibaki sentimita moja ya mwisho yenye hamira chini ya chupa. Hiyo siinywi, bia inakuwa na ukungu na tumbo linalalamika. Nilipompigia mama simu ya video nikamwonyesha ninavyoiacha, alinitazama kama mtu anayemwaga mboga.

"Si ndimo chakula kilimo," akasema.